Nembo kwenye boksi la vyandarua haikuwa mbwembwe za ubalozi

Kule Wete, Pemba, utasikia: "Wamarekani wanajitangaza tu, kila boksi la vyandarua nembo yao." Kujitangaza kumo, sikatai. Lakini si ofisa fulani aliyejiamulia. Sheria ya Marekani ya misaada ya nje, ya mwaka 1961, inataka misaada yao itambulike ugenini kuwa ni ya Marekani. Ndiyo maana USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, enzi zake, ililidai kila shirika lililopewa fedha mpango wa nembo: ikae wapi, na isiwe ndogo kuliko nembo nyenginezo.

Misamaha ilikuwepo. Nembo ikihatarisha watu, au ikiifanya kazi ya serikali mwenyeji ionekane ya mgeni, shirika liliweza kuomba iachwe. Basi bango lenye nembo ya Wizara peke yake halithibitishi fedha zilitoka wapi.