Usije kuangalia ndege Bagamoyo maji yakiwa yamepwa

"Kaka, tutafutie siku ambayo maji yatakuwa yametoka kabisa, maana hapo ndipo ndege wanapokuwa wengi." Sentensi hii nimeisikia tena juzi kwenye simu, kutoka kwa dada mmoja wa Dar anayetaka kuleta watu wanane mwisho wa Machi. Gari ameshalipia. Amechagua Jumamosi ya mwezi mpevu, na anataka wafike ufukweni saa 4 asubuhi. Nikamwambia, dada yangu, siku umeipata, saa umeikosa. Akasisitiza kwamba ndivyo alivyosoma. Basi naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, tuko kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, na kwenye bamvua ya pwani yetu saa 4 asubuhi maji yako chini kabisa. Yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ufuko wa Bagamoyo umelala. Ukisimama karibu na soko la samaki saa hiyo, unaona tope na mchanga vimekwenda mpaka macho yanachoka. Ndege wapo, ndiyo. Kila mmoja amefuata ukingo wa maji au kidimbwi chake, wametawanyika eneo lote hilo, na walio wengi wako mbali kiasi kwamba hata darubini nzuri inakuonyesha vinukta vinavyotembea. Juu ya hayo, bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni, kila ndege ni kivuli cheusi. Watu wanaanza kutembea tope liwafike magotini ili wawasogelee, ndege wanaruka, wanatua mbele zaidi, na mchezo unaendelea mpaka jua la saa 6 linawarudisha hotelini wakisema Bagamoyo hakuna ndege.

Siku hiyohiyo, maji yanajaa tena mnamo saa 10 jioni. Kaa chini kuanzia saa 8 mchana, nyuma ya mtumbwi uliovutwa mchangani, na usitembee. Maji yataanza kuingia kwenye mifereji, kisha yatafunika tope la mbali, na ndege wote waliokuwa wametawanyika hawatakuwa na pa kwenda ila kurudi nyuma kuelekea kwako. Jua liko mgongoni mwako sasa, rangi zinaonekana zilivyo. Sululu wanatangulia kwa hatua zao ndefu. Nyuma yao vitwitwi, kundi baada ya kundi, wanasogezwa na maji shubiri kwa shubiri. Mwaka jana mmoja mwenye mdomo uliopinda chini alikuja mpaka hatua kumi kutoka goti langu. Mdomo ulikuwa ukipanda na kushuka topeni kama sindano ya cherehani, na kila baada ya kutoboa mara saba au nane aliuchomoa na kijinyoo, akameza, akaendelea. Kifuani, katikati ya manyoya ya kijivu, wekundu wa tofali ulikuwa unatokeza kwa mabaka, kama ukuta uliopigwa rangi koti la kwanza. Huyo ndege ana gramu 50 na ushei, uzito wa yai la kuku, na anakwenda kutaga Siberia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hata waongozaji wenzangu wanalichanganya. Maji kujaa na maji yaliyojaa ni vitu viwili. Ukija saa 10 yenyewe, kwenye bamvua kubwa, umechelewa. Maji yamefika juu, ufuko umebaki kamba nyembamba, na ndege wameshaondoka kwenda kupumzika kwingine. Saa nzuri ni zile tatu mpaka moja kabla ya kilele. Maji yakianza kupwa pia unapata muda mzuri, labda saa moja, kwa kuwa ndege wanarudi na njaa kwenye tope la kwanza linalofunguka, lakini hapo wanakwenda wakikuacha. Yakijaa wanakuja, yakipwa wanaondoka. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo inayoamua kama utamwona ndege jicho au utamwona mgongo.

Na siku za maji mafu, siku ya 7 au 8 na ya 22 au 23 ya mwezi mwandamo, ni kinyume kabisa. Maji yanajaa mnamo saa 4 asubuhi, lakini yanajaa kivivu, hayafuniki tope la mbali, kwa hiyo hayamsukumi ndege yeyote kuja kwako. Siku hizo nenda Kaole ukaangalie magofu na ndege wa kwenye mikoko.

Hesabu ni rahisi na wavuvi wanaijua tangu utotoni: kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Tafuta siku ya 13 hadi 16 ya mwezi mwandamo, au 28 hadi 2, na kujaa kutaangukia mchana au jioni, kukiwa na mwanga. Jedwali la maji la Dar es Salaam au la Zanzibar linatosha kwa Bagamoyo. Wanaosafiri kwa sikukuu wasikilize hili. Idi ndogo inaandama na mwezi, kwa hiyo daima ni bamvua, lakini Idi kubwa ni siku ya 10 ya mwezi, maji yakiwa bado karibu na mafu. Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi mpevu, ila inaweza kuwa siku moja baada yake au wiki nzima. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, wiki moja baada ya mwezi kupevuka, maji mafu matupu, na nilikuwa na magari matatu ya watu walionuna. Pasaka ya tarehe 5 Aprili 2026 mwezi ulipevuka tarehe 2, siku tatu tu kabla, kwa hiyo ilikuwa bado bamvua. Angalia mwezi kwanza, halafu ndipo uombe likizo.

Kuhusu majira nitasema kwa haraka. Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa Ulaya na vinazungumzia majira ya kuchipua. Kwetu miezi hiyo ni masika. Ndege hawa hawaji huku kuzaa, wanakuja kula, wengi kuanzia Agosti na Septemba, na kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili wanavaa rangi za kuzalia, wananenepa na kuondoka. Mla kaa, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, haendi mbali hivyo: anachimba shimo la kutagia kwenye mchanga wa pwani za Uarabuni na Somalia. Ukija Julai utakuta vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajasafiri, wengi wao wa kijivu. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya nao wanapita Machi na Aprili hiyohiyo, tazama juu ya minazi wakati unasubiri maji.

Sasa niseme yale ambayo kwenye vitabu yanaonekana mepesi. Kuna vitwitwi wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, ambao vitabu vinawatenganisha kwa urefu wa mdomo na miguu. Wakisimama pamoja, sawa. Akiwa mmoja peke yake, kwenye mvuke wa joto, mimi baada ya miaka yote hii huandika "mchangani, mkubwa au mdogo" na kugeuza ukurasa. Wala siwezi kukuahidi siku ya kuondoka. Naamini wanangoja kaskazi ife na kusi ianze kushika, kama majahazi ya Arabuni yalivyokuwa yakingoja, lakini nimewaona wakipaa jioni isiyo na upepo wowote, wakipiga kelele, wakizunguka mara mbili juu ya mikoko na kushika njia ya kaskazini, na nimekesha na wageni jioni tano za kusi safi bila hata mmoja kunyanyuka.

Nunge pia siwezi kukuapia. Mashamba yake ya chumvi ndiko wengi wanakopumzika maji yakifunika ufuko, na ukitoka ufukweni saa 9 na nusu unaweza kuwawahi wamesimama kwa mguu mmoja, vichwa vyote vimeelekea upepo. Lakini wanataka kina cha kifundo cha mguu. Mvua kubwa ya usiku mmoja ikijaza majaruba, au wafanyakazi wakiyakausha, kundi lote linahama. Omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kuingia, na tembea kwenye tuta tu.

Jambo la mwisho sina subira nalo kabisa. Usiwakurupushe ili upate picha ya kundi likiruka. Ndege anayejaza mafuta ya kumfikisha Siberia ana saa chache za tope kwa siku, na kila ukimrusha anachoma alichokula. Nimeshamrudisha mgeni kwenye gari kwa hili na kumrudishia pesa yake.

Dada wa Dar nimemwambia abaki na Jumamosi yake. Wale samaki kwanza, walale kidogo, wanikute kwenye mitumbwi saa 8 mchana na kofia na maji ya kunywa. Darubini waje nazo, mimi ninayo moja tu ya ziada.