Kupeleka Jeep ya vita Normandy: kwenda ni rahisi, kazi ni kusimama

Kila Juni ikikaribia naulizwa swali lilelile, eti Jeep ya 1943 inaweza kweli kushuka kwenye meli pale Cherbourg au Ouistreham ikazunguka vijiji vya Normandy wiki nzima ya kumbukumbu ya D-Day (siku majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, 6 Juni 1944) bila kuishia kuvutwa? Inaweza, tena vizuri tu. Ukiipa kilomita 70 kwa saa itakwenda kutwa nzima bila kulalamika. Wasiwasi wako uweke kwenye sherehe yenyewe, maana zile Jeep unazoziona boneti ziko juu na mwenyewe kainama ndani jasho linamtoka, nyingi zimefia kwenye msafara wa kutembea na bendi, au palepale kwenye mnara wa kumbukumbu baada ya dakika ya ukimya.

Sababu iko kwenye injini. Willys MB na Ford GPW, ndizo Jeep zenyewe za vita, ni gari lilelile kutoka viwanda viwili, zilitoka kama 640,000 hivi kati ya 1941 na 1945, injini ya silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60. Valvu zake zimekaa ubavuni ndani ya bloku, siyo juu kwenye hedi, kwa hiyo moshi wa moto unakatiza ndani ya bloku kabla haujafika kwenye manifoldi na joto lake unaliachia maji ya rejeta. Barabarani upepo unakusaidia. Kwenye gwaride huna upepo, una feni tu, na feni inazungushwa na beliti ya injini, sasa injini ikiwa inanguruma taratibu na feni nayo inazunguka kivivu.

Halafu mnafika kwenye mnara, wanapiga tarumbeta, injini zote zinazimwa kwa heshima. Hapo ndipo balaa linapoanza. Pampu ya maji imesimama, feni imesimama, ila chuma bado kina moto uleule, na joto linapanda kwenye kabureta na kwenye paipu ya petroli, petroli inageuka mvuke, na pampu ile ya kimekanika haiwezi kusukuma mvuke. Wimbo wa taifa umeisha, wenzako wanawasha, wewe unapiga stata tu na watu mia mbili wanakutazama. Petroli ya siku hizi ndiyo imezidisha hii shida kwa sababu ina ethanoli, inachemka mapema zaidi na juu ya hapo inakula mpira wa zamani ulioko kwenye diaframu ya pampu. Ufaransa pampu iliyoandikwa E10 (ethanoli hadi asilimia 10) ipite, jaza SP98 (petroli ya oktani 98, ethanoli yake ni kidogo), na diaframu na mipira yote badilisha uweke ya kisasa inayovumilia ethanoli. Paipu ya petroli isogeze mbali na ekzosi, ivalishe kinga ya joto. Na mkishasimama fungua boneti hata kama unaona aibu, wanaojua watajua umefanya la maana.

Kingine ni mwendo wenyewe. Mtu anayetembea kwa bendi anakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa, Jeep kwenye gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta inataka kama 6. Hiyo tofauti ndogo inamalizwa na klachi, na klachi ikisuguliwa mtaa mzima utaanza kuisikia harufu. Hapo kuna mjanja atasema si uweke low, ile gia nzito ya mwendo wa polepole. Kwenye transfa ya hii gari (boksi inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) low haiingii mpaka uwe umeunganisha ekseli ya mbele, na ukikata kona kwenye lami kavu ekseli zote mbili zikivuta, tairi za mbele zinataka kwenda umbali tofauti na za nyuma na hazina pa kuteleza, zinaanza kugombana, usukani unakuwa mzito, na wenzo wa transfa unang'ang'ania usitoke. Mimi naacha nafasi mbele, wale wa bendi wasogee mita kumi na tano hivi, naachia klachi yote, nasogea, nasimama tena. Haipendezi kwenye video lakini unarudi na klachi yako.

Umeme wa volti 6 nao una visa vyake, dainamo haichaji kitu injini ikiwa chini, kwa hiyo saa nzima ya msafara taa zikiwaka ni kuinyonya betri tu. Waya za stata ziwe nene sawasawa, watu wanafunga za volti 12 wanashangaa stata inazunguka kama imelala.

Usishangae pia kukuta nusu ya "Jeep za D-Day" unazopiga nazo picha hazikuwepo 1944. Hotchkiss M201 ilitengenezwa Ufaransa kwa leseni baada ya vita, ikaendelea hadi miaka ya 1960, na kwa mbali huwezi kuitofautisha. Mimi sina ugomvi nayo, gari zuri, spea zinaingiliana sana. Kinachoniudhi ni mtu kupaka nyota nyeupe na namba za 101 au 82 (divisheni za parashuti za Marekani) kwenye bampa kwa sababu zinauza, ukimuuliza namba inayofuata hapo ni rejimenti gani anakodoa macho. Pale Sainte-Mère-Église, ambapo kanisani bado pananing'inia sanamu ya mwanajeshi wa parashuti kumkumbuka John Steele, usijaribu, kuna watoto wa shule pale wanaijua 82 kukuzidi. Kama historia ya gari lako huijui acha bampa na nyota tu. Na jamani Jeep hizi hazikuwa za Wamarekani peke yao, zilikwenda hadi Burma, ambako babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kwenye divisheni ya 11 walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mwaka huohuo wa 1944.

Wazee wenyewe sasa wamebaki wachache mno. Aliyekuwa na miaka 18 siku ile alikuwa 98 kwenye kumbukumbu ya miaka 80, 2024. Ukipata bahati ya kumbeba mmoja, muweke mbele kulia, beba kistuli kigumu cha kukanyagia kwa sababu ubavu wa Jeep hauna mlango ila una kizingiti kirefu, na mkanda ule wa turubai unaofungwa kwenye uwazi wa pembeni uufunge kweli, siyo pambo. Usimuulize alipoua. Wengi wao wakishakaa wanaanza kukueleza gari lenyewe, wanapapasa dashibodi, wanakwambia breki zilikuwa mbovu, na wanasema kweli.

Ufukweni usishuke na gari bila kibali. Sheria ya Ufaransa inakataza magari kwenye fukwe na matuta ya mchanga, na Omaha au Utah, fukwe walizotua Wamarekani, kuwa na historia haibadilishi kitu. Ukipewa kibali, jioni ileile osha chini yote kwa maji baridi halafu piga grisi kwenye nipo zote (vile vichuchu vya kuingizia grisi), chumvi haisubiri mpaka urudi nyumbani.

Kuhusu kupaki, tafuta mteremko. Arromanches ipo ya kutosha ukishuka kuelekea baharini kwenye mabaki ya ile bandari ya kutengenezwa ya wakati wa vita. Elekeza pua chini ili stata ikigoma uachie tu gari liserereke na uwashe kwa gia ya pili. Ila handibreki ya Jeep inashika shafti inayotoka kwenye transfa, haishiki magurudumu, na sili ya nyuma ikivuja hata kidogo oili inalowesha breki yote, kwa hiyo kabla hujaondoka weka kabari za mbao mbele ya tairi mbili, halafu ndiyo uende kutafuta kahawa.