Je, wajua kwa nini punda milia haogopi gari lakini ukishuka tu anatimka?

Ukiingia Mbuga ya Nairobi asubuhi utaliona hili: gari linapita karibu kabisa na punda milia na hata hainui kichwa, anakula tu nyasi zake, lakini mtu akifungua mlango aweke mguu chini kundi lote linatimua vumbi. Mbona aogope kitu kidogo na lile lichuma linalonguruma alipuuze?

Ni mazoea. Hiyo mbuga ilianzishwa 1946, kwa hivyo wanyama wa pale wamezaliwa wakakuta magari, na hakuna gari lililowahi kuwavamia kuwala. Kila mbio inakula nguvu na muda wa kulisha, basi mnyama akishaona kitu mara nyingi bila kudhurika anaacha kukijali. Binadamu wa miguu miwili ni habari nyingine, huyo amewawinda tangu enzi na enzi. Ukiwa ndani ya gari umbo lako linapotea ndani ya umbo la gari, ndio maana ukichomoza kiwiliwili dirishani kupiga video unaona masikio yote yamesimama. Tulia ndani jamani, tena kushuka kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, simba wapo na vifaru wapo.

Kwa wanaorekodi, zima injini kwanza kwa sababu mtetemo unaharibu video, halafu laza lenzi kwenye kifuko cha maharagwe juu ya ukingo wa dirisha. Hakuna stendi ya bei ghali inayokaa hapo vizuri hivyo.

Rangi ya nguo nayo watu wanabishana sana. Swala na wenzake hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, wao wanakugundua kwa harufu na ukitikisika, kwa hiyo angalia upepo unaelekea wapi. Ndege ndio wana macho ya hatari, wanaona rangi kutuzidi, wengi wao hata ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa, kwa hivyo ile fulana ya manjano inayong'aa iache nyumbani ukienda msitu wa Karura au yale matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya ya Jumatano asubuhi.

Na kuna kitu kinaniuma kweli, watu kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze apigwe picha. Anatoka kweli, lakini anatoka kwa sababu amesikia mpinzani ameingia kwake, anaacha kula, anaacha mayai au makinda, anazunguka kumtafuta adui ambaye hayupo, na wakati huo kunguru anaweza kuwa ameshakiona kiota.