Maski wa Vuli: Dhana Potofu Kuhusu Vyambo na Rangi Zake

Wateja ninaowapeleka kuvua maski, samaki mkubwa mwindaji wa maji baridi aitwaye pia muskellunge, katika maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, huja na masanduku yaliyojaa vyambo bandia vya umbo moja kwa rangi chungu nzima, na karibu wote wanaamini kwamba vuli ina rangi yake ya siri, ambayo anayeijua hupata samaki na asiyeijua hurudi mikono mitupu. Hakuna dhana inayowapotezea muda kuliko hii, kwa hiyo nitaanza nayo na sitaiacha upesi.

Maski huona rangi, lakini rangi inayomfikia majini si ile tuliyoichagua dukani. Katika maji maangavu, mwanga mwekundu humezwa katika mita chache za mwanzo, hivyo chambo chekundu kinachopita mita 6 chini huonekana cheusi au kijivu. Katika maji ya rangi ya chai, kama yale ya ziwa la Chippewa Flowage yanayotiwa rangi na mimea inayooza, mambo hugeuka: bluu hupotea mapema, ilhali rangi ya shaba na ya machungwa huendelea kuonekana. Mwanga wenyewe pia umepungua, kwa sababu mwanzoni mwa Novemba, katika latitudo ya 46, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 30 hivi tu juu ya upeo wa macho. Isitoshe, macho ya maski yako juu kichwani, na mara nyingi hushambulia akitokea chini, ambako chambo chochote huonekana kama kivuli kilichokingama mbele ya mwanga wa angani.

Kanuni ya “siku angavu rangi angavu, siku ya mawingu rangi nyeusi” inafaa kuanzia, lakini haina nguvu ya sheria. Ushauri wangu ni kuchukua rangi mbili, moja nyeusi na moja inayong’aa ipasavyo katika maji ya ziwa husika, kisha kulifunga sanduku na kujiuliza kuhusu kina. Inaniudhi sana kumwona mtu akibadilisha rangi kila baada ya dakika kumi huku kila chambo kikipita mita moja na nusu chini ya uso wa maji, wakati kifaa cha kutafutia samaki kinatuonyesha kundi la sisko, chakula kikuu cha maski wakubwa katika maziwa mengi ya huku, likiwa kwenye mita 6.

Wengine husema kwamba maji yakishapinduka, maski wote huhamia vilindini. Kinachotokea ni kwamba maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, hadi joto na oksijeni vinakaribia kulingana kutoka juu hadi chini, na baada ya hapo maski anaweza kukaa kina chochote. Sisko wanapopanda kwenye kokoto na miamba ya maji mafupi ili kutaga mayai mwishoni mwa vuli, maski huwafuata huko huko.

Kuhusu mwendo, ni kweli kwamba baridi humpunguzia samaki kasi, lakini wanaokokota vyambo nyuma ya boti huko Green Bay, ghuba ya Ziwa Michigan, mwezi Novemba huenda kilomita 5 hivi kwa saa na wanapata samaki wakubwa. Mimi napendelea samaki wa mpira anayevutwa kwa nguvu kisha kuachwa azame kidogo, kwa kuwa mara nyingi maski hukamata wakati huo wa kuzama.

Ukubwa nao umetiliwa chumvi. Chambo cha sentimita 40 chenye uzito wa karibu nusu kilo kinafaa mikononi mwa anayeweza kukirusha vizuri hadi jioni. Mkono uliochoka hukiburuta tu kama gogo, na hapo chambo kidogo kingefanya kazi zaidi.

La mwisho ni imani kwamba katika baridi maski hafuati chambo hadi kwenye boti, ambayo huwafanya watu waache kuchora nane majini, yaani kukizungusha chambo kando ya boti kwa umbo la tarakimu 8 kabla ya kukitoa. Anafuata, ila huja taratibu na chini zaidi, mara nyingi bila kuonekana kabisa. Zamisheni ncha ya ufito, choreni nane kubwa yenye kona pana, na mfanye hivyo kila mnapomaliza kuvuta, hata vidole vikiwa vimekufa ganzi.