Kuzuia si kupofusha: dhana potofu na ukweli kuhusu retina

Watu husikia kwamba ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimo kemikali zenye kazi ya kuzuia, yaani kutuliza seli, wakadhani kwamba jicho lingeona vizuri zaidi kama zisingekuwepo. Ukweli ni kinyume. Anayesimama ufukweni Ujiji jioni, akautazama mtumbwi unaokatiza mbele ya jua linalozama nyuma ya milima ya Kongo, huuona ukingo wake wazi kwa sababu seli zilizopata mwanga mwingi huzitulizia jirani zake makeke, hata tofauti ya mwanga na kivuli ikakuzwa kabla habari haijatoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Haldan Keffer Hartline, aliyeuchunguza utaratibu huo katika jicho la Limulus, mnyama wa baharini, alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Wengine huamini kwamba mwanga huziamsha seli zinazoupokea. La, seli hizo humwaga glutamati, kemikali ya kupeleka habari kwa seli nyingine, gizani, na mwanga ndio unaozipunguzia kasi.

Dhana iliyoenea zaidi, hata kwa waliosoma baiolojia, ni kwamba kizuizi ni cha aina moja tu. Seli za amakrini, ambazo ni seli za kati za retina, humwaga GABA au glaisini, kemikali mbili za kuzuia, na GABA peke yake ina vipokezi, yaani protini za seli zinazoipokea, vya namna tofauti. Kipokezi cha GABA-A ni mlango wa vipande vitano ambao ukifunguka huruhusu kloraidi, chembe yenye chaji hasi, kupita, na mchanganyiko wa vipande hivyo hutofautiana kati ya seli na seli. GABA-C, iliyo nyingi kwenye ncha za seli za baipola, zinazopeleka habari kutoka seli za kupokea mwanga, nayo hupitisha kloraidi, lakini hukawia kujifunga, kwa hiyo kizuizi chake hudumu. GABA-B si mlango hata kidogo, bali hufanya kazi kupitia protini nyingine ndani ya seli. Vipokezi vya glaisini, ambavyo sumu ya strikinini huviziba, vina kazi kubwa usiku: mvuvi wa dagaa anapotazama ziwa kabla taa hazijawashwa, sehemu ya habari za giza hilo hupitia kwenye seli za amakrini za AII, zinazozizuia kwa glaisini baadhi ya seli za baipola.

Mwisho, si sahihi kuyachukulia matokeo ya utafiti wa panya kama ya binadamu moja kwa moja. Miongoni mwa mamalia, fovea, yaani kibonyeo cha kuona kwa undani, hupatikana kwa jamii ya nyani pekee, wakiwemo sokwe wa Gombe na sisi wenyewe; na hapo koni moja, yaani seli ya kupokea mwanga wa mchana na rangi, huweza kuwa na seli yake ya baipola na seli yake ya ganglioni, ile inayopeleka habari kwenye ubongo.