Baridi ya Arusha Haizuii Jua

Mwezi wa saba, mawingu yametanda tangu alfajiri, watu wamejikunyata ndani ya majaketi, na kijana mwenye ualbino amesimama kituo cha daladala bila kofia. Muulize, atakwambia: "Leo hakuna jua." Sisi wa kliniki za ngozi tumelizoea jibu hilo.

Kinachoharibu ngozi si joto, ni miale ya urujuanimno. Haionekani wala haihisiki, na mawingu mepesi huipitisha karibu yote. Isitoshe, kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa hiyo mtu wa Ngarenaro, hapa Arusha, aliyevaa sweta anaweza kupigwa na miale mikali kuliko mwenzake anayetokwa jasho Tanga.

Basi usipime jua kwa jasho. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Kwetu hali huwa hivyo kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kwenye saa sita na nusu kivuli huwa kifupi kuliko wakati wote.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwetu. Wanaojipaka mkorogo wanaiondoa kinga hiyo kwa mikono yao wenyewe, tena kwa kulipia. Macho nayo jua haliyaachi: huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota kuelekea kwenye mboni. Wapagazi wa Kilimanjaro wako hatarini zaidi, maana theluji hurudisha miale usoni kutoka chini, na kofia haisaidii hapo. Inatakiwa miwani inayozuia miale hiyo, si weusi wa kioo tu.

Kwa mwenye ualbino hali ni nyingine kabisa. Madoa magumu yenye magamba yanaweza kuanza angali kijana. Angalia masikio na shingo kwanza, kwa sababu kapelo huyaacha wazi. Mnunulie mtoto kofia ya pama yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na mwombe mwalimu asimsimamishe mstarini juani. Losheni ya jua apakwe kabla hajatoka, arudie kila baada ya saa mbili. Kuna Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ila losheni ni nyongeza. Nguo ndiyo kinga yenyewe.

Kidonda kisichopona kwa wiki nne, hata kama hakiumi, kilete. Kikiwa bado kama punje ya hindi, mara nyingi kinaondolewa kwa sindano ya ganzi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.