Begi la msosi linaanza na hotpoti, sio kitambaa

Kuna hotpoti ya mwalimu mmoja anayevuka na kivuko cha Kamanga hapa Mwanza kila asubuhi kwenda kufundisha ng'ambo, aisee ile hotpoti imenifunza mambo ambayo hata fundi aliyenipa kazi hakunifunza. Kipindi hicho nilishashona mabegi ya kila namna, ya shule, ya nepi za mtoto, ya madaftari, nikaona begi la msosi ni kitu gani bwana, nikaingia mtandaoni nikadaunlodi pateni, yaani ramani ya kukatia kitambaa, ya bure ya Marekani, nikaenda steshenari nikaprinti, nikaunganisha zile karatasi nne kwa selotepu, nikakata. Jioni begi limekaa limependeza. Asubuhi yake mwalimu ananipigia simu yuko foleni ya kivuko, "dada fundi, hotpoti imegoma masikio."

Masikio! Mi nilipima mfuniko tu, inchi 6. Yale masikio ya pembeni ya kushikia yanaifikisha inchi 7 na nusu, na begi langu kwa ndani halikufika hata hapo.

Sa sikiliza kilichotokea, maana wengi mnaoprinti pateni mtapigwa hapahapa. Karatasi ya Wamarekani sio A4 yetu. Ya kwao ina milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297, yaani ya kwao ni pana kidogo na fupi. Kijana wa steshenari akibonyeza tu bila kuangalia setingi, printa inaibana ile kurasa ienee kwenye A4, na mara nyingi inaibana zaidi ya inavyohitajika kwa sababu inaacha na pembeni nyeupe. Yangu ilitoka kwenye asilimia 94 hivi. Ukiitazama kwa macho hushtuki, ila begi lililotakiwa liwe na upana wa inchi 8 likaisha linakaribia 7 na nusu, hapo bado hujatoa unene wa spongi ya kutunza joto. Kwahiyo mwambie kabisa, mdogo wangu printi asilimia 100, usiibane, alafu kabla hujashika mkasi tafuta kale kaboksi ka kupimia ambako pateni nyingi zinakaweka ukurasa wa kwanza, kapime na rula. Kakiandikwa inchi 2 na rula inasema pungufu, rudisha karatasi.

Tangu siku hiyo siprinti. Nachora mwenyewe kwenye karatasi la kaki, na wewe unaweza, hesabu yake ni ya darasa la nne. Pima chombo chako mahali kilipo kipana KABISA, masikio yakiwemo, ongeza inchi moja na nusu ya kupumulia. Hotpoti ya mwalimu pamoja na bakuli la mboga juu yake ilinipa begi la upana 9, kimo 9 na kina cha chini inchi 7. Sasa upana wa kukata: chukua upana, jumlisha kina, jumlisha inchi 1 ya mishono, 9 na 7 na 1 ni 17. Kimo cha kukata: kimo, jumlisha nusu ya kina, jumlisha inchi 1, yaani 9 na 3 na nusu na 1, inakuja 13 na nusu. Vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, yaani kitambaa cha ndani, vyote saizi hiyohiyo. Alafu kona mbili za chini za kila kipande unakata mraba wa nusu ya kina, hapa ni inchi 3 na nusu, ukipima kutoka ukingo wa kitambaa. Mishono yote nusu inchi, usiibadilishe katikati ya safari maana hesabu nzima imekaa juu ya hiyo nusu.

Huo mraba ndio unaolifanya begi likae lenyewe mezani. Ukishashona pembeni na chini, unashika lile tundu la kona unalivuta ili mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini, unapiga mstari mmoja, basi, begi limepata kitako.

Kitambaa cha nje mi napenda jinzi ya mtumba. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja utafute suruali ya mwanaume yenye miguu mipana ambayo magoti hayajachoka, na usione tabu kuunganisha vipande viwili kupata inchi 17. Kitenge nacho kinapendeza ila ni chepesi, kigandishe gamstafi, kile kitambaa chenye gundi cha kukazia, kwa pasi kwanza, na kabla ya hapo kifue, maana pamba inasinyaa na lile wanga la dukani linatoka. Jingine la kitenge, angalia picha zimeelekea wapi. Nimewahi kumshonea mtu begi la ndege kanga, upande wa mbele kanga wamesimama, upande wa nyuma wote miguu juu.

Kwa ndani ya ule ukuta sasa, kinachotunza joto. Watu wananiuliza hiyo foili yenye spongi inauzwa wapi, mi natumia lile dude la kung'aa wanaloweka kwenye kioo cha mbele cha gari likipaki juani. Moja linatoa begi na chenji inabaki. Linafanya kazi kwa sababu spongi imejaa hewa iliyotulia na hewa iliyotulia inapitisha joto taratibu, na ule ung'avu unarudisha joto lilikotoka. Ila tuelewane, halipashi chakula. Ukiweka wali wa vuguvugu saa kumi na mbili asubuhi saa saba mchana hautakuwa wa moto, utakuwa umepoa na labda umechacha. Chakula kiingie kinatoa moshi, kwenye hotpoti iliyosuuzwa na maji ya moto.

Hilo dude likate dogo kuliko kitambaa, toa nusu inchi kila upande, yaani 16 kwa 12 na nusu, kona zake zikate mraba uleule wa 3 na nusu. Lisiingie kwenye mshono hata kidogo. Mi niliingiza mara ya kwanza nikavunja sindano mbili, maana pale juu inapokutana jinzi, bitana na mkanda, cherehani ya kukanyaga ina shughuli ya kutosha. Lishikize kwenye kipande cha NJE, mistari mitatu ya wima inatosha. Usilishikize kwenye bitana, kila tundu la sindano kwenye bitana ni njia ya mchuzi, na mchuzi wa sato ukishaingia kwenye spongi utaishi na ile harufu mpaka begi life.

Bitana natumia kile kitambaa cha meza cha plastiki chenye mgongo laini. Pini usitumie, bana na vibanio vya kuanikia nguo. Pasi isikisogelee. Kikianza kung'ang'ania mguu wa cherehani, bandika selotepu ya karatasi chini ya mguu, kitateleza chenyewe. Sindano namba 16, uzi wa polista, hatua ya mshono weka ndefu, 3 na kitu, kwa sababu hatua fupi kwenye plastiki ni kama kutoboa stempu, siku moja inachanika kwenye mstari.

Kuunganisha: shona begi la nje peke yake, la bitana peke yake, ila la bitana acha tundu la inchi 5 PEMBENI. Pateni nyingi zinakwambia liache chini. Chini ndiko mchuzi unakotuama jamani, nani kawaambia. Mikanda, inchi 14 kila mmoja, ishikize juu kwenye la nje ikiwa inaning'inia kuelekea chini. Chukua la nje likiwa upande wake mzuri uko nje, lizamishe ndani ya la bitana ambalo liko nje-ndani, yatazamane uso kwa uso, zungusha mshono juu. Alafu livute lote litoke kwenye lile tundu. Hapo utatoka jasho, jinzi na spongi kupita inchi 5, utadhani unamzalisha ng'ombe. Usilivute kwa hasira, anza na kona moja. Likishatoka funga tundu, piga mstari mwingine kuzunguka mdomo, robo inchi kutoka juu.

Kufungia naweka velkro tu, kipande cha inchi 3 katikati, na nakishona kabla sijaunganisha. Zipu ni nzuri ila wali ukiingia kwenye meno yake utaniita.

Kufua, usiloweke. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, ligeuze kichwa chini likauke.

Mwalimu alipata la pili, saizi sahihi, bure, kosa lilikuwa langu. Juzi amerudi, anataka kubwa la mume wake anayeshinda soko la Mwaloni kwenye dagaa, kashanunua na kitenge kabisa, kizuri kweli, anakitandaza mezani kwangu. Nikamwambia hotpoti iko wapi. Akasema ameiacha nyumbani, ila ni ya kawaida tu dada, zile za kawaida. Nimekikunja kitenge nimemrudishia, kesho anakuja nayo.